Aliyemwona Akizama

Maiti ilikuwa imekwisha kuopolewa na kulazwa juu ya majani ya migomba Inspekta Winfrida alipofika kwenye bwawa la kumwagilia, Kibosho. Marehemu aliitwa Jacob, mkulima wa Kahe. Jana alikuwa amepanda mlimani kutafuta miche ya migomba. Huku hakuwa na ndugu wala adui.

"Hana jeraha, afande," alisema Koplo Rogath. "Amezama tu."

"Na mzigo huu?"

Ukingoni palikuwa na fungu la majani ya ng'ombe, limefungwa vizuri, limeanza kunyauka. Kando yake ulilala mti mrefu wa kuzibulia mfereji. Winfrida alitatizika. Nani hukata majani, akayafunga, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu?

"Nilisikia mtu akiita," alisema jirani, Mektrida. "Nikadhani ni walevi wa mbege. Kila Jumapili wanaita."

"Hukwenda kutazama?"

"Wewe ungekwenda, mama?"

Nyumba ya pili ng'ombe alikuwa akilia, tena kilio cha njaa. Winfrida aliufuata mlio huo.

Mzee Valerian alikuwa ameketi mlangoni pa zizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakungoja."

"Majani yako yapo bwawani."

"Najua."

"Ulimsukuma?"

"Hata jina lake silijui."

"Ulimkuta amekufa?"

"Hapana. Alikuwa akitapatapa. Aliniona."

"Na mti ulikuwa miguuni pako."

"Niliuinua. Nikauweka chini tena."

"Kwa nini?"

Mzee alijifuta uso kwa kiganja.

"Mwaka juzi nilimkuta kijana amegongwa na pikipiki. Nikambeba hadi hospitali, akafia mikononi mwangu. Wenzako wakaniuliza: kama hukumgonga wewe, hii damu ya nini? Nikalala mahabusu mpaka aliyemgonga alipojitokeza mwenyewe. Jana niliposhika ule mti niliyasikia tena maswali yao. Nikakimbia."

"Ungepiga yowe."

"Anayepiga yowe ndiye wa kwanza kuhojiwa."

Rogath alimvuta mkuu wake kando.

"Afande, tunamshtaki kwa kosa gani? Sheria haimlazimishi mpita njia kumwokoa asiyemjua. Ingemlazimisha, angeogopa kukimbia."

"Woga anao tayari, Rogath. Tungemwongezea wa pili."

"Kwa hiyo sheria hiyo haifai?"

"Sikusema haifai. Mjane yuko njiani kutoka Kahe. Ataniuliza nani amemwua mumewe."

"Utamjibu nini?"

"Sijui."

Waliporudi, mzee alinyoosha mikono apokee pingu. Hazikutolewa.

"Hunifungi?"

"Utatoa maelezo yako kituoni, kisha utarudi nyumbani."

"Na nikimkuta mwingine anazama?"

"Mwokoe, baba."

"Akifa?"

Winfrida alitaka kumwahidi kwamba hatasumbuliwa. Akayatafuta maneno hayo, asiyapate yaliyo ya kweli.

"Nitakuja," alisema hatimaye, "nikuulize kwa nini nguo zako zimelowa."

Mzee alimtazama. Mikono yake bado ilikuwa imenyooshwa.