Pete Ndani ya Kopo la Vifungo

Fundi cherehani wa mtaa wetu ana mkono mwepesi. Ukimpelekea kitambaa, anakikunjua mara moja, anakutazama juu hadi chini, halafu anakuambia kama kinakutosha au unajidanganya. Sare za shule za watoto wa hapa karibu zote ameshona yeye. Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo mlio wa cherehani yake naujua vizuri.

Alipojifungua mtoto wake wa tatu, mlio ule ukaanza kukatikakatika. Anashona kidogo, ananyamaza. Anashona tena, ananyamaza. Mimi nilidhani ni mtoto analia. Kumbe mwenzangu alikuwa anakwenda kubadilisha kitambaa.

Haya ninayoyasema amenipa ruhusa mwenyewe. Aliniambia, "Waeleze wenzangu. Aibu imenila vya kutosha." Basi nawaeleza.

Tatizo lilikuwa hivi. Kuna kitu kilikuwa kinamshuka huko chini. Akisimama kwa muda mrefu, anahisi kama amekalia mpira mdogo. Akikohoa, mkojo unatoka. Akicheka, unatoka. Akinyanyua ndoo ya maji, ndiyo usiseme.

Hakumwambia mtu. Alichukua mabaki ya vitambaa vya wateja, akajishonea vya kujikinga. Alivifua kwa siri na kuvianika nyuma ya kabati, visikaukie nje watu wakaviona. Cherehani yake, iliyokuwa dirishani, akaihamishia karibu na mlango wa uani ili iwe rahisi kutoka mbio. Watu wakimletea umbea wa kuchekesha, anauma midomo. Mcheshi kama yule, akawa mkavu kama mkate wa juzi.

Mume wake ni fundi bomba. Ni mtu mpole, maneno yake machache. Kila akimsogelea mkewe kitandani, mke anageukia ukutani. Mume akaona, haya, nimechokwa. Naye akanyamaza. Wakawa wanalala hivyo, kila mmoja na donge lake.

Lakini aliyemwogopa zaidi alikuwa mama mkwe, anayekaa nao pale nyumbani. Yule mama ni msafi kupindukia. Hakalii kiti cha mtu. Ana kigoda chake, na juu ya kigoda hutandika kitambaa kilichokunjwa. Hata akija kwangu, kitambaa anacho mkononi. Mtaani walimpachika jina la Mama Kitambaa, wakisema anajisikia, anaona viti vya wenzake vichafu. Fundi wetu aliwaza: mtu msafi hivi akijua kwamba mkwe wake ananuka mkojo, atanitazama kwa macho gani?

Siku moja alimpeleka mtoto kliniki kuchanjwa. Nesi alikuwa akizungumza na kina mama waliokaa kwenye mabenchi. Alisema wazi kwamba kuna wanawake ambao kizazi chao hushuka. Misuli inayokishikilia hulegea kwa sababu ya kuzaa, hasa uchungu ukiwa mrefu, na kwa kunyanyua mizigo mizito. Huwapata wasichana na huwapata bibi. Si laana, si uchafu, si adhabu ya tabia mbaya. Na inatibika.

Kina mama wote wakatazama sakafu. Hakuna aliyeuliza swali. Fundi akasubiri mpaka benchi likawa tupu, ndipo akamfuata nesi na kumwambia kwa sauti ndogo kwamba ana dada yake mwenye shida hiyo.

Nesi hakumbishia. Alimwingiza chumbani, akafunga mlango na kuvuta pazia. Akamwambia, "Tumzungumzie huyo dada yako." Fundi akaanza kulia. Hapo hapakuwa tena na dada.

Baada ya kumpima, nesi alimweleza kwamba hospitali inafanya utafiti. Wanataka kujua tiba ipi inawapa nafuu zaidi wanawake wa namna yake. Kundi moja linafundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya chini, vile mtu anavyojibana kuzuia mkojo. Kundi la pili linafundishwa mazoezi hayo hayo, na linapewa pia pete ya mpira laini. Pete hiyo huwekwa ndani ya uke, ikakishikilia kizazi kisishuke.

Fundi akauliza nani anachagua. Nesi akasema si yeye, wala si daktari. Kompyuta ndiyo inayopiga kura.

"Tukichagua sisi," alisema, "tutawapa pete wale tunaowahurumia. Mwisho wake hatutajua kama ni pete iliyosaidia au ni huruma yetu."

Akamweleza pia kwamba halazimishwi. Akikataa, atatibiwa kama kawaida. Akikubali leo na kesho akabadili mawazo, anaweza kujitoa na hakuna atakayemnunia. Fundi akafikiri, akauliza tena, kisha akakubali. Kura ikamwangukia upande wa pete. Nesi akamwonyesha jinsi ya kuitoa, kuiosha na kuirudisha. Akamwonya: ikidondoka, ikiuma, akitokwa na uchafu wenye harufu au damu, au akishindwa kukojoa, aje mara moja.

Siku za mwanzo alikuwa kama amezaliwa upya. Halafu pete ikadondoka. Akaiosha, akairudisha. Ikadondoka tena chooni, alipokuwa akijikamua. Sasa badala ya kwenda kwa nesi, mwenzangu akakaa na kujihukumu. Hata pete imenikataa, akasema moyoni. Mwili wangu umeharibika moja kwa moja. Akaiosha vizuri, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia ndani ya kopo la vifungo.

Nesi akampigia simu.

"Habari za pete?"

"Nzuri."

"Haikusumbui?"

"Nzuri tu, Sista. Nashukuru sana."

Sisi ndivyo tulivyo. Mtu nyumba yake inaungua, ukimuuliza habari anakujibu nzuri, halafu ndipo anakuomba ndoo ya maji. Huyu hata ndoo hakuomba. Alimwonea haya nesi, mtu aliyemtendea wema vile. Aliona akisema haikufaa ataonekana hana shukrani. Kwa hiyo alirudi kwenye vitambaa vyake, na kila simu ikija, jibu ni lile lile.

Hebu sasa niwaambie ilivyolipuka. Nilikuwepo, nilikwenda kuchukua gauni langu. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake anachambua maharage. Fundi yuko kwenye cherehani, anamalizia pindo. Mumewe akaingia kutoka uani, mikono imelowa, uso umechangamka. Alikuwa anatengeneza bomba la tangi lao. Alikosa mpira wa kuzibia, akapekua huku na huku, akafungua kopo la vifungo.

Akainua pete juu, sote tukaiona.

"Mama watoto, mpira mzuri hivi umeutoa wapi? Nimeujaribu kwenye tangi, umebaki kidogo tu kukaa. Ungekuwa mkubwa zaidi kidogo, ungeziba kabisa."

Fundi akainuka kwa kasi ili amnyang'anye. Alipoinuka, tukaona kiti chake. Kilikuwa kimelowa, na nyuma ya gauni lake palikuwa pamelowa. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Ningepaswa kuondoka, lakini miguu ilikataa.

Fundi akasema, "Ni wangu. Ni wa mwilini mwangu."

Akajifunika uso kwa gauni langu lile lile alilokuwa akilishona, na akayatoa yote. Kizazi, mkojo, vitambaa vya nyuma ya kabati, pete iliyodondoka, uongo wa kwenye simu. Mumewe aliiweka pete juu ya meza polepole. Mabega yake yalikuwa yamemshuka.

"Nilidhani umenichoka," alisema.

"Nilijichoka mwenyewe."

"Nazunguka mtaa mzima naziba yanayovuja kwa watu. Kwangu sikuuliza hata siku moja." Akakaa chini sakafuni pale pale, na aibu ilimkaa usoni kuliko hata mkewe.

Sote tukamgeukia mama mkwe. Fundi alikuwa anangoja maneno. Yule mama akaweka ungo wa maharage chini. Akainuka. Akachukua kitambaa chake kutoka kwenye kigoda, akakitandika juu ya kile kiti kilicholowa, akakinyoosha kwa kiganja.

"Kaa, mwanangu," akasema.

Kesho yake mume na mke wakaenda kliniki pamoja. Njiani fundi alikuwa anatafuta maneno. Alijua atafokewa. Alipofika, alikiri kwamba pete ilitoka zamani, na kwamba kila alipoulizwa alijibu nzuri.

Nesi akasema, "Kosa ni langu pia. Nilikuuliza habari kama mtu anayekuamkia barabarani. Nilitegemea unijibu nini?"

Halafu akavuta kiti karibu. "Lakini nisikilize, dada. Jibu lako si lako peke yako. Kuna mwanamke hujawahi kumwona, labda hajazaa bado, na jibu lako litasaidia kuamua atibiwe vipi. Ukisema nzuri na si nzuri, tutampa kilichokushinda wewe, na tutamwambia kimewafaa wenzake. Naye kikimdondokea, atajiona mbovu kama ulivyojiona wewe."

Fundi aliniambia kwamba maneno yale yalimchoma kuliko kile kiti kilicholowa. Kulowa hakukuwa kosa lake. Kumficha mwenzake ukweli kulikuwa kosa lake. Akaomba radhi. Nesi akamwomba ruhusa ya kuandika ilivyokuwa hasa, kwamba pete ilidondoka na mkojo ukarudi, kwa sababu kudondoka nako ni jibu na madaktari wanalihitaji.

Kisha akampima upya. Mwili haukuwa umeharibika. Pete ilikuwa ndogo.

"Si nilisema?" mume akaropoka kutoka nje ya pazia. "Ilitaka kuwa kubwa zaidi kidogo."

Nesi akamwekea kubwa zaidi. Akamwambia atembee, achuchumae, akohoe. Ikakaa. Akasema sasa acheke. Fundi akasema hawezi kucheka kwa kuamriwa. Ndipo mumewe akaanza kumsimulia nesi jinsi alivyohangaika na ile pete kwenye tangi, akiisukuma kwa bisibisi na kuisifu. Nesi aliangua kicheko, na fundi naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Machozi tu. Kitu kingine hakikutoka.

Hawakuruhusiwa kuondoka bila somo. Nesi alimwambia mume kwamba ndoo za maji sasa ni kazi yake, kwa sababu mizigo mizito husukuma kizazi chini. Mke ale mboga na matunda na anywe maji ya kutosha, asiwe anajikamua chooni. Mazoezi ya kukaza misuli asiyaache hata pete ikikaa vizuri. Na pete ikishindikana kabisa, daktari yupo, upasuaji upo. Hakuna aliyefika mwisho wa njia.

Utafiti wenyewe haujaisha, na hakuna anayejua bado kundi lipi litapata nafuu zaidi. Lakini simu ya nesi imebadilika. Siku hizi haulizi habari. Anauliza, "Imetoka? Mkojo unatoka ukikohoa? Unaona aibu kuniambia?" Na fundi anajibu kitu kwa kitu. Cherehani imerudi dirishani. Mlio wake haukatiki, na umbea tunampelekea kama zamani.

Mngedhani yameishia hapo. Siku fundi anajiandaa kurudi kliniki kukaguliwa pete, alimkuta mama mkwe mlangoni amevaa nguo za kutokea, kitambaa chake mkononi. Hakusema anakwenda wapi. Wakaondoka pamoja. Walipokaribia lango, yule mama akauliza huku anatazama mbele:

"Huyo nesi wako, anapima na wazee?"

Fundi akasimama. Akakitazama kile kitambaa. Miaka yote aliyokaa naye chini ya paa moja, miaka yote ya kumwogopa, na kumbe walikuwa wakifua vitambaa vyao kwa zamu kwenye karai moja, kila mmoja akimficha mwenzake. Alitamani ardhi ipasuke. Akamshika mkono, wakaingia.

Nesi aliwapokea, akafunga mlango, akavuta pazia. Kwa kuwa huyu alikuwa mtu mzima na ni mara yake ya kwanza, nesi alimwamkia kwanza kwa heshima, kisha akajisahau.

"Habari zako, Mama?"

Mdomo wa yule mama ukafunguka kusema lile neno. Fundi alikuwa bado amemshika mkono, akaubana. Yule mama akalimeza.

"Si nzuri, mwanangu," akasema. "Si nzuri tangu nilipomzaa mume wa huyu."

Nesi akamsogezea kiti. Mama akakaa, na kitambaa kikabaki mkononi.