Mkanda wa Kiti Kitupu

Siku walipokwenda kuliona gari, kiti cha abiria kilikuwa kitupu lakini mkanda wake umefungwa.

Lilikuwa gari dogo la bluu, lisilokunywa mafuta, la kupenya popote. Kinyozi alilizunguka mara tatu akiyapiga matairi mateke kama fundi. Mkewe, mshonaji, hakuyatazama matairi. Alimtazama binti yao, Kidoti, mwenye pumu. Kifua kilipombana mtoto, hawakuwa na usafiri wa kumwahisha hospitali.

"Mkanda huo msiufungue," muuzaji alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Litapiga kelele."

"Kelele tu? Shemeji yako huyu nimemzoea miaka sita," kinyozi akajibu.

Mshonaji alitabasamu, akaufungua mkanda, akaketi.

Walilinunua, na tangu hapo gari halikutulia. Alipokaa nyuma na mtoto, taa nyekundu ya mkanda iliwaka na kengele ikalia, ti, ti, ti, kana kwamba pale mbele pana mtu. Ikaja harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi. Kisha mchana kweupe kioo cha upande ule kikaanza kuingia ukungu kwa ndani, duara moja usawa wa mdomo, likikua na kusinyaa, na kila lilipokua kifua cha Kidoti kilipiga mluzi, na kila liliposinyaa mtoto alihangaika kuvuta pumzi ambayo ni kama mwingine alikwisha kuivuta.

"Baba Kidoti," mshonaji alinong'ona, "unaona?"

"Naona. Mtoto asisikie."

Kesho yake asubuhi walilipeleka kwa mganga, mama mwenye duka la vifungo ambako mshonaji alinunua uzi. Njiani kengele ilinyamaza ghafla. Kinyozi akasema limemwogopa mganga, na wote wawili wakataka kuamini.

"Aliyewauzia hakuweza kumtoa huyu jini," mganga alisema. "Alimfunga. Wewe mwanangu ukamfungua. Sasa milango yote wazi, mikanda yote wazi, nimsomee aondoke."

Kinyozi alifungua milango minne, akahakikisha mkanda wa mbele unaning'inia. Mshonaji alimbeba Kidoti kando. Mganga akasoma mpaka sauti ikamkauka. Upepo ulipita garini ukatokea upande wa pili. Taa haikuwaka.

"Ametoka," mganga alisema, lakini aliendelea kulikazia macho gari.

Kinyozi aliendesha akiimba. Walipofika nyumbani, mshonaji aliinama kwenye kiti cha nyuma amshushe Kidoti aliyesinzia. Akaondoa sweta alilolitupa pembeni mwa mtoto tangu asubuhi. Chini yake, mkanda wa kiti kitupu cha kando ya mtoto ulikuwa umefungwa.

"Nani amefunga huu?"

"Mimi," Kidoti alijibu bila kufumbua macho. "Tulipokuwa tunakwenda. Alihamia huku kwangu, akaniomba nimfunge. Anaogopa kutolewa."

Kidole cha mshonaji kiligusa kitufe cha mkanda, kisithubutu kukibonyeza wala kukiacha, maana mkanda wenyewe haukuwa umelala juu ya kiti bali umetuna, ukipanda na kushuka polepole, ukipanda na kushuka, na kifua cha mwanawe kando yake kilikuwa kimetulia kabisa, kikisubiri zamu yake.