Nyangi na Swali la Mezani

Nyumba ya wageni ilikuwa kando ya ziwa, mjini Musoma. Kila asubuhi Nyangi alifika pale kwa miguu kutoka Buhare. Alifuta meza, akapanga vikombe, akajaza chupa za chai. Kazi hizo alizifanya kwa raha, maana meza haina maneno. Taabu yake ilianza wageni walipoamka.

Wageni wengi walitoka mbugani. Walipita Bunda, wakalala Musoma, kisha wakaendelea na safari. Karibu wote walizungumza Kiingereza. Nyangi naye alikuwa na Kiingereza chake cha shule, kidogo, cha kuombea maji. Mgeni akimtazama tu, ulimi ulimwia mzito. Alisema maneno machache kwa sauti ya chini, huku macho yake yakitazama vidole vya miguu.

Meneja wa pale aliitwa Leonardi, mtu wa Bunda, mpole lakini asiye na mchezo na kazi. Aliwaonya wahudumu mara kwa mara. Wapo watu, aliwaambia, ambao miili yao inakataa chakula fulani. Kwa wengine ni karanga, kwa wengine mayai au maziwa. Hali hiyo inaitwa mzio. Si kuringa wala si kuchagua chakula. Mtu mwenye mzio mkali wa karanga akila hata kidogo, koo linaweza kuvimba akashindwa kupumua, na anaweza kufa. Kwa hiyo kabla ya kuweka mezani chakula chenye karanga, mhudumu lazima amuulize mgeni.

Siku moja mchana, mpishi Yuliana alipika sato, samaki wa ziwani, kwa mchuzi wa karanga. Nyangi alimpelekea bibi mmoja mwenye mvi aliyekaa peke yake karibu na dirisha. Agizo la meneja hakulisahau. Alitaka kumuuliza bibi yule kama anaweza kula chakula kile. Njia nzima kutoka jikoni aliyapanga maneno kichwani. Alipofika mezani woga ukamshika. Akainamisha uso, akaonyesha sahani kwa kidole, akasema polepole, "You can eat this."

Bibi akatabasamu, akashukuru, akaanza kula.

Nyangi akashusha pumzi. Aliona ameuliza na amejibiwa. Akageuka kurudi jikoni, na hata mlango hakuufikia. Nyuma yake alisikia kijiko kikianguka.

Bibi alikuwa ameshika koo. Midomo yake ilivimba huku Nyangi anaitazama. Pumzi yake ilitoka kwa mluzi. Kwa mkono mmoja alipekua mkoba wake, akatoa sindano fupi ya dawa ya mzio. Leonardi alikuja mbio, akamsaidia kuichoma pajani. Kisha akambeba hadi kwenye gari, na gari likakimbilia hospitali.

Nyangi alibaki ameegemea ukuta. Nimemuua, alijiambia. Nimemuua mama wa watu kwa mkono wangu. Yuliana alimletea maji, naye akayaweka chini.

Bibi hakufa. Sindano ile ilimpa nafasi, na madaktari wakafanya kazi yao. Leonardi aliporudi jioni aliwaeleza wote jinsi ilivyotokea. Bibi alikuwa amesema mapokezi kwamba hali karanga. Alidhani habari hiyo imefika jikoni. Kwa hiyo mhudumu alipomwambia kwamba anaweza kula, alikula bila wasiwasi.

"Lakini mimi nilimuuliza, meneja," Nyangi alisema.

"Hukumuuliza, dada Nyangi. Ulimwambia."

Nyangi hakuelewa. Leonardi hakumfokea. Alikiri kwamba hata yeye ana kosa, kwa sababu watu wa mapokezi walimpa habari naye akachelewa kuipeleka jikoni. Lakini aliongeza jambo moja. Jumamosi kundi kubwa la wageni lingekuja, na wahudumu walikuwa wachache. Mpaka siku hiyo Nyangi angeosha vyombo tu. Akiona hawezi kuuliza wageni, aseme mapema, atafutwe mtu mwingine wa kazi ile.

Nyangi alifika nyumbani akiwa ameshakata shauri kuacha kazi. Alimweleza mume wake, Masatu, fundi wa mitumbwi. Alisema afadhali auze nyanya barabarani, maana nyanya haziui mtu. Masatu alimsikiliza hadi mwisho. Akamwambia kuacha kazi ni haki yake, lakini kwanza aende kwa jirani yao, Mwalimu Eunice, aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi. Kama na yeye atashindwa, basi nyanya zitauzwa.

Kesho yake alasiri Nyangi alimkuta Mwalimu Eunice uani, amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Ghati. Mbona uso umekushuka hivyo? Kaa hapa, nisaidie kutoa mchanga."

Nyangi alikaa, akamweleza yote. Mwalimu hakucheka. Alimwomba asimame na aseme sawasawa kama alivyosema mezani. Nyangi akasimama, akainama, akasema, sauti ikififia mwishoni, "You can eat this."

"Sasa sema kwa Kiswahili, vilevile, usibadilishe kitu."

"Unaweza kula hiki."

"Umesikia mwenyewe? Hata kwa Kiswahili sijaulizwa hapo. Nimeruhusiwa kula."

Nyangi akaketi taratibu. Sasa alianza kuelewa, na alivyozidi kuelewa ndivyo alivyozidi kuogopa. Alikuwa amemwambia mgonjwa ale sumu yake, na mgonjwa akamshukuru.

Mwalimu aliendelea kwa upole. "Sisi kwa Kiswahili tunaulizaga kwa sauti. Maneno hayahami. Nikisema, unaweza kula, hiyo ni habari. Nikisema, unaweza kula? Hilo ni swali. Sauti tu ndiyo imepanda. Ya kwako haikupanda, ilizama."

"Nikiongea na mtu mzima nafanyaga hivyo, mwalimu," Nyangi alijitetea. "Nilivyoolewa Bukima, kwao Masatu, baba mkwe sijawahi kumpandishia sauti hata siku moja."

Akaeleza na jingine lililokuwa linamsumbua. Kwao Buswahili, huko Butiama alikozaliwa, mgeni haulizwi kama anakula hiki au kile. Anawekewa chakula. Ukimuuliza, ataona unatafuta njia ya kumnyima. Mama yake angemsikia anamuuliza mgeni hivyo, angemfinya hapo hapo mbele ya watu. Mpaka leo swali la namna hiyo lilimwia gumu kulitamka, hata kwa lugha yake mwenyewe.

"Hiyo ni adabu nzuri, usiitupe," Mwalimu alisema. "Lakini mgeni wa kwenu unamjua. Unajua katoka wapi, na mama yake alimlisha nini. Huyu wa kazini humjui hata kidogo. Kumuuliza ndiyo kumheshimu."

Kisha akavuta vitu vitatu mbele yao juu ya mkeka. Sahani ilikuwa "you", yaani mgeni. Mwiko ulikuwa "can", yaani neno linalosaidia. Dagaa mmoja alikuwa "eat", yaani kula. Akavipanga mstari, sahani mbele, mwiko katikati, dagaa nyuma.

"You can eat. Hapa unatoa habari. Sasa unataka kuuliza. Usiguse sahani, usiguse dagaa. Chukua mwiko tu, uupeleke mbele."

Nyangi akauchukua mwiko, akauweka mbele ya sahani.

"Soma."

"Can you eat."

"Hapo umeniuliza," Mwalimu alisema. "Ni vizuri sauti nayo ipande. Lakini hata ikizama kwa woga, mwiko ukishakuwa mbele, mgeni anajua ameulizwa."

Nyangi aliutazama ule mwiko. Alikuwa amedhani kwanza lazima awe jasiri, na ujasiri hakujua pa kuupata kabla ya Jumamosi. Kumbe angeweza kuogopa vilevile na bado akauliza. Kuhamisha mwiko hata mtu mwoga anaweza.

Wakaanza mazoezi. Mara ya kwanza alisema, "Can you can eat?" Mwalimu akamuuliza miiko miwili ya nini, kwani anapika pilau ya harusi? Neno likishahama, alimweleza, halibaki lilikotoka. Wakajaribu na maneno mengine yanayosaidia. "She is sick" ni habari, yaani yeye ni mgonjwa. "Is she sick?" ni swali. Wakafika kwenye "You like fish", yaani unapenda samaki, na Nyangi akatafuta mwiko asiuone. Mwalimu akamwambia kwamba sentensi isiyo na msaidizi inaazimiwa "do", kama mtu anavyoazima mwiko kwa jirani. "Do you like fish?"

Jua lilipoanza kushuka Mwalimu alimpa somo la mwisho. "Ukishauliza, nyamaza. Mwangalie mpaka ajibu. Kutabasamu si jibu, na asante si jibu. Unataka kusikia yes au no."

Siku zilizofuata Nyangi aliosha vyombo kazini na kuuliza maswali nyumbani. Alimuuliza binti yake Ghati. Aliwauliza kuku. Masatu alijibu "yes" kwa kila swali, kwa sababu maswali yote yalihusu chakula na yeye alikuwa na njaa. Nyumba nzima ilicheka, lakini Nyangi akilala aliona midomo ya yule bibi ikivimba. Hata hivyo hakwenda kwa Leonardi kusema hawezi.

Jumamosi mchana wageni walijaa ukumbini. Nyangi alipewa meza ya baba, mama na binti mdogo aliyefunga nywele zake kwa utepe. Yuliana alikuwa amepika tena sato wa karanga. Nyangi alibeba sinia, na vyombo vikagongana njia nzima. Alifika mezani. Binti akainuka kitini, akanyoosha mkono kwenye sahani.

Nyangi hakuitua. Aliiinua juu kidogo, mbali na ule mkono. Uso ukataka kuinama, na sauti ikamzama kama kawaida yake. Lakini mwiko aliuona akilini, ukiwa mbele.

"Can she eat groundnuts?"

Baba akaguna kidogo, akacheka, akasema asante. Nyangi alitamani kuweka sahani akimbie. Asante si jibu. Akabaki amesimama, sinia mkononi, akamtazama mama. Aliuliza tena, kwa sauti ile ile iliyozama.

"Can she eat groundnuts?"

Mama alikuwa anasoma simu yake. Akainua kichwa ghafla. Akaiona sahani, akaushika mkono wa mtoto.

"No," alisema. "No, she can't."

Baadaye Leonardi alizungumza nao. Walikuwa wamechoka na safari, kila mmoja akidhani mwenzake ameshasema kuhusu mzio wa mtoto. Mama hakujua kwamba hapa samaki anaweza kupikwa kwa karanga. Tangu siku hiyo wahudumu wote walianza kuuliza, kila meza, kila mlo, na Mwalimu Eunice aliitwa kuja kuwafundisha na wao. Yule bibi mwenye mvi, aliposikia habari hiyo, alimtumia Nyangi salamu.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Wakati ule Nyangi alirudisha sato jikoni, akamwambia Yuliana atumie kikaango kingine kisafi, kisichoguswa na karanga. Akakaa juu ya gunia la viazi.

"Nini tena?" Yuliana aliuliza, ameshtuka.

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

"Amesema hapana."

Akaanza kulia na kucheka pamoja. Tangu azaliwe, mgeni kukataa chakula chake lilikuwa jambo la aibu. Leo alikataliwa, na hakuwahi kusikia neno tamu kama lile. Mezani, binti mwenye utepe alikuwa anasubiri samaki wake, anapiga meza kwa kijiko, mzima kabisa.