Mtazamaji wa Safu ya Mbele

Viti vya sinema ile ya zamani katikati ya mji vilikuwa vya kujikunja. Ukiinuka tu, kiti kinajikunja nyuma yako, tena kwa kelele, na ndiyo maana siku filamu ikiwa mbaya mwenye jengo alijua bila kuambiwa. Basi Jumamosi ya kwanza baada ya ukumbi kufunguliwa upya, watu wakiwa wameshatoka na taa zimewashwa, Bi Tochi alipita na ufagio wake akakuta kiti kimoja cha safu ya mbele kimelala chini, na hakuna aliyekikalia. Akakisukuma juu kwa goti. Kikarudi chini polepole, kama anavyokaa mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo.

Springi imekufa, akajiambia, akaendelea kufagia. Lakini safu ile hakuifagia, na Bi Tochi si mtu wa kuacha uchafu.

Jina hilo alipewa na mji. Zamani kazi yake ilikuwa kuwapokea waliochelewa na kuwapeleka vitini kwa mwanga wa tochi, na wale waliokuja pale kwa shughuli zao nyingine aliwamulika usoni mpaka wakaona haya. Nusu ya ndoa za mji ule zilianzia safu ya nyuma, na Bi Tochi alizijua zote kabla ya wazazi. Ndoa yake mwenyewe ilianzia juu, kwenye chumba cha mashine. Aliolewa na mwonyesha filamu, mtu mrefu, mguu mmoja unaburuta kidogo, ambaye hata mkewe alimwita Fundi.

Kisha televisheni zikaingia majumbani, watu wakaacha kuja, jengo likafungwa. Bi Tochi akaanza kuuza mboga. Fundi hakuweza kazi nyingine. Alibaki na funguo, na kila mchana alikwenda kuzungusha zile mashine mbili zisije zikashika kutu. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba chuma hakina shukrani. Fundi alicheka, akachukua kofia yake, akaenda.

Miaka ikapita. Waliokuwa watoto wakaota vitambi na kupata wajukuu, wakaanza kuulilia ujana wao. Wakamwendea mrithi wa jengo, kijana mpole mwenye simu mbili, wakamwomba awafungulie Jumamosi mchana waone filamu za enzi zao. Akakubali, akawarudisha kazini Fundi na mkewe. Siku ile ya kwanza watu wazima na akili zao walisukumana mlangoni, mmoja akapoteza kiatu.

Jumamosi iliyofuata kikaja kicheko. Filamu ilikuwa ya vichekesho, na mji mzima ulikuwa umeihifadhi kichwani, lakini kabla bwana harusi wa kwenye filamu hajakalia ndoo ya rangi, mtu mmoja huko mbele alicheka. Alicheka peke yake, kicheko kifupi na kikavu, kisha ukumbi wote ukacheka nyuma yake. Bi Tochi akashuka na tochi kuona ni nani. Safu ya mbele ilikuwa tupu. Watu walikuwa wameikwepa bila kuambiana, wakisema pale pananuka nywele zilizoungua. Kiti kilikuwa chini. Akakimulika, na ule mwanga ukakoma hewani, kiganja kimoja kabla ya kugusa kiti.

Hakupiga kelele. Alirudi mlangoni kinyumenyume, akisema moyoni kwamba hapa ni kazini kwake na hakimbii kazini kwake.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri vilevile. Fundi alikuwa akijibu swali muda mrefu baada ya kuulizwa, kwa sauti nyembamba, na chakula alikichokoachokoa tu. Usiku mmoja mkewe alikaa kitandani akijiuliza nyumba imepungukiwa na nini, mpaka akakijua. Ule mguu. Miaka yote alimsikia mumewe akiburuta mguu kutoka chumbani hadi uani, na sasa Fundi alitembea bila mlio wowote. Akamkalisha kitako, akamwambia leo halali mtu humu mpaka aambiwe ukweli.

Fundi akasema, kwa kunong'ona, akiangalia mlango. Kuzungusha mashine tupu kungetosha. Lakini mashine tupu inasikitisha, kwa hiyo siku moja akaweka filamu. Filamu nayo haipendezi na taa za ukumbi zikiwaka, kwa hiyo akazizima. Na hapo ndipo alipovunja mwiko wa kazi yao, ambao yeye mwenyewe alifundishwa siku ya kwanza na aliyemtangulia: taa za ukumbi hazizimwi mpaka watu wawe wamekaa, maana anayezima taa ameshamkaribisha mtu. Fundi alizizima kila mchana, miaka na miaka, mbele ya viti vitupu.

"Siku moja nikasikia kiti kinashuka," alisema. "Nikachungulia kwenye tundu la mashine. Sikuona mtu. Nikafurahi, mke wangu. Hiyo ndiyo aibu yangu. Nilifurahi kwamba kuna mtu amekuja."

Bi Tochi alimshika mkono. Ulikuwa baridi, na alipoukaza aliona vidole vyake haviachi alama kwenye ngozi. Hasira ilimpanda, na sehemu ya hasira ile ilikuwa yake mwenyewe, kwa sababu miaka yote ile hakuwahi hata mara moja kumsindikiza.

Alimwambia asirudi tena kule. Fundi aliitikia kwa kichwa, na Jumamosi akaenda.

Mchana huo ilionyeshwa filamu ya mapenzi, yenye barabara ndefu ya mji na watu wengi wanaopita. Bi Tochi alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma ya mpenzi anayelia, katika kundi la wapita njia, akamwona mtu mrefu mwenye kofia akivuka barabara, mguu mmoja unaburuta. Alipanda ngazi za chumba cha mashine mbiombio. Fundi alikuwa ameketi kwenye stuli yake, macho wazi, rangi imemtoka, hapumui, na mashine inanguruma kando yake. Alimtingisha, akampiga kofi, akamwita kwa jina alilomwita siku za uchumba. Ile barabara ilipopita kwenye pazia la picha, Fundi akavuta pumzi na kuuliza kama watu wengi wamekuja.

Akaitwa mganga, bwana mmoja mnene mwenye mkoba na kikohozi, anayesifiwa kwa kutojivuna. Aliingia ukumbini mchana kweupe, akakaa safu ya pili, akanusa. Hakufungua hata mkoba. Alitoka nje na kuwaambia Bi Tochi na mrithi kwamba jini yule hakuingia kwa nguvu, alikaribishwa, na sasa amemshika aliyemkaribisha. Akimtoa, atatoka na alichokishika. Siku Fundi atakapoingia ndani ya filamu mzima mzima, wakikata umeme atabaki humo. Filamu ikifika mwisho akiwa humo, ndiyo basi.

Mrithi akauliza dawa.

"Dawa ya mtu aliyeita jini kwa upweke mimi sina," mganga alisema. "Mfungieni."

Bi Tochi akamfungia. Jumamosi mchana aliweka kufuli kwenye mlango wa chumba chao cha kulala, akaketi nje yake na kisu na bamia zake, akisikiliza. Kulikuwa kimya. Kimya kilipozidi akafungua. Dirisha lilikuwa na nondo, kitanda kilikuwa na joto bado, na ndani hapakuwa na mtu. Palinuka nywele zilizoungua.

Alikimbia na kisu mkononi. Mlangoni pa sinema alimkuta mrithi. Watu walikuwa wamekaa wakingoja, alisema, taa zikazima zenyewe, mashine ikaanza yenyewe, na juu hakuna mtu, stuli tupu. Alikuwa ameshika swichi kubwa ya umeme. Alitaka kukata, awatoe watu, afunge jengo moja kwa moja.

"Ukiigusa hiyo swichi," Bi Tochi alimwambia, "na mimi nitakukata wewe." Akampa kisu amshikie, akachukua tochi ukutani, akaingia.

Ndani ukumbi ulikuwa umejaa na hakuna aliyekohoa. Kwenye pazia ilikuwa ile barabara ndefu, lakini wapenzi hawakuwepo, wapita njia hawakuwepo, maduka yote yamefungwa, na katikati yake Fundi alikuwa akienda, amewapa mgongo, kofia kichwani, mguu unaburuta bila sauti, na kila alivyokwenda alizidi kuwa mdogo, na nyuma yake, hatua chache, kilimfuata kivuli kirefu kisicho na mwenyewe, kivuli kilichoanzia chini ya pazia, kikashuka jukwaani, kikapita sakafuni hadi kwenye kile kiti cha safu ya mbele ambacho Bi Tochi alikuwa akikiendea sasa, tochi ikimulika mpaka mahali fulani na kukataa kuendelea, na harufu ile imemjaa puani hata akawa anapumulia mdomo.

Akasimama mbele ya kiti.

"Mlimwacha," kiti kilisema. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea ukumbini bila kuwasumbua wengine. "Nyote mlimwacha. Ni mimi niliyekuja kila siku."

Ilimuuma, kwa kuwa kulikuwa na ukweli ndani yake. Angeweza kulia pale. Badala yake aliinama mpaka uso wake ukaingia kwenye ile baridi.

"Ulikuja kutazama," alisema. "Mimi nilikuwa nyumbani nikimngoja, chakula mezani. Na kila siku alirudi kwangu. Hata siku moja hakulala kwako, wala leo halali."

Akakipa kiti mgongo. Akawageukia watu, akawamulika usoni safu kwa safu, kama alivyowamulika wakiwa vijana. Aliwaona wamekodoa macho, mikono mapajani, wametulia, watazamaji wa adabu kabisa. Ghafla utulivu ule ukamchukiza. Maana sinema ile haikuwa hivyo. Enzi zake hakuna filamu iliyotazamwa kimya pale: jambazi akijificha nyuma ya mlango, ukumbi mzima ulimpigia kelele shujaa ageuke, watu walisimama juu ya viti, wakatukana, wakaomba, na majirani wa mtaa wa pili walijua hadithi imefika wapi. Jini aliyezoea kutazama katika ukumbi mtupu hajawahi kusikia kelele ile.

"Mbona mmenyamaza?" aliwauliza. "Mnamwona anachukuliwa na mmenyamaza? Ndivyo mlivyolelewa humu?" Na bila kungoja akaligeukia pazia, akaita kwa pumzi yake yote, "Fundi! Geuka!"

Fundi aliendelea kwenda, mdogo sasa kama kidole. Kisha kule nyuma babu mmoja mwenye kitambi akainuka, kiti kikajikunja kwa kishindo, na sauti yake ya utotoni ikamtoka: "Nyuma yako, Fundi!" Akainuka mwingine, na mwingine, viti vikipigapiga, bibi akapanda juu ya kiti akiwa na viatu vyake, mrithi kule mlangoni akapiga kelele na kisu chake, watu wakakanyaga sakafu, wakapiga miluzi, wakamwita Fundi rudi, Fundi geuka, Fundi mkeo huyu hapa, mpaka vumbi la miaka likadondoka darini na pazia lenyewe likaanza kutikisika, na kule mwisho wa barabara yule mtu mdogo akapunguza mwendo, akasimama, akaweka mkono sikioni.

Akageuka.

Kwanza walimwona anakuja. Halafu wakasikia: ule mguu, ukiburuta barabarani, kra, kra, na Bi Tochi akalia waziwazi bila kujali. Kivuli kikaruka kutoka kwenye kiti, kikaingia ndani ya pazia kumzuia, lakini Fundi alikipita, akakua, akakua, uso wake ukajaa ukutani, pazia likafura kwa mbele, na kutoka chini yake akaanguka jukwaani mtu mzee mwenye vumbi, akiuliza nani amewasha mashine bila ruhusa yake.

Juu, filamu ikafika mwisho. Mkanda ukabaki unapigapiga kwenye gurudumu.

Siku ya pili waliushika mkanda mbele ya balbu, Bi Tochi, mumewe, mrithi na mganga. Katika ile barabara, picha baada ya picha, alikuwepo mtu mmoja tu, mrefu mno, mahali pa uso pakiwa patupu, amesimama mwisho kabisa akiwaelekea. Mrithi akashauri wauchome. Mganga akashauri wauzike mbali. Bi Tochi akawasikiliza wote wawili, kisha akamwambia mumewe aurudishe kwenye mashine, maana aliyependa kutazama wenzake naye atatazamwa.

Na ndivyo ilivyo. Kila Jumamosi mchana mkanda ule huonyeshwa, na safu ya mbele ndiyo inayogombewa. Jini akitokea mwisho wa barabara, watu hawana adabu hata kidogo. Humzomea mpaka sauti ziwakauke. Bi Tochi naye siku hizi hukaa juu, kwenye chumba cha mashine, kwenye stuli aliyoinunua mwenyewe.

Ila Jumamosi iliyopita Fundi alimvuta mkono. Akamnong'oneza achungulie kwenye tundu, aone jini amesimama wapi. Wiki za kwanza alikuwa mwisho wa barabara. Sasa amefika kwenye duka la kona. Kila wiki anasogea. Siku moja atafika kwenye pazia.

Bi Tochi alichungulia kwa muda mrefu. Chini, ukumbi ulikuwa unanguruma, na watu wengine wamekaa hadi kwenye ngazi.

"Mwache afike," alisema. "Atatukuta tumejaa."