Nani Alikukanyagia?

Jambo la mwisho la kawaida katika maisha ya Évariste lilikuwa tonge la lituma, ndizi za kupondwa. Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka 1957, na yeye na dada yake Berthe walikuwa wameketi kibarazani kwao Mangobo, sahani ya samaki katikati yao, wakilalamikia joto. Tonge lilikuwa njiani kwenda mdomoni gari dogo jekundu lilipotokea juu ya mteremko.

Kila fundi wa Kisangani, Évariste akiwamo, alilijua gari lile. Lilikuwa la viti viwili, la mbio, lililotengenezwa kabla ya vita, mali ya Bwana Arthur, Mzungu mwenye shamba la kahawa kwenye njia ya Bengamisa. Breki zake zilikuwa za kamba za chuma. Ukizikanyaga, gari lilipinda kushoto, likasimama lilipotaka lenyewe. Siku hiyo liliteremka kwa kasi, mbuzi akakatiza, na gari likasimama. Halikuvuta kushoto. Halikuvuta kulia. Lilisimama palepale, kama mtu aliyeitwa jina lake. Augustin, fundi aliyekuwa akiliendesha, akainua mkono kuwasalimu, akaenda zake.

Évariste akarudisha tonge sahanini.

"Ametia breki ya mafuta," alisema.

"Bon. Na weye kula."

"Hakuna hata upepo kidogo ndani ya mabomba." Akafuta vidole. "Nani alimukanyagia?"

Berthe akacheka. "Augustin? Ule iko peke yake kama musumari kwa ukuta. Yaya, kaka yangu, kama unasikia wivu juu ya gari, oa gari!"

Évariste hakucheka. Breki za mafuta hazitengenezwi na mtu mmoja. Ukishafunga mabomba, ni lazima utoe upepo uliobaki ndani. Mmoja hulala chini penye gurudumu na spana yake. Mwingine huketi garini, mguu juu ya pedali. Wa chini husema "kanyaga", kisha "shikilia", hufungua skrubu ndogo ili mafuta yatoke pamoja na upepo, huifunga, ndipo husema "achia". Mguu ukiachia mapema, bomba huvuta upepo upya na kazi yote huharibika. Fimbo inaweza kusukuma pedali. Lakini fimbo haisikii "achia".

Tangu walipooana, mguu wa kumkanyagia Évariste ulikuwa wa mkewe, Pétronille. Alikuwa binti wa wavuvi wa maporomoko, mfupi, mwenye masikio ya watu waliokulia kando ya ngurumo ya maji: alisikia kila neno kutoka chini ya gari. Hakujibu kwa mdomo. Aligonga sakafu kwa kisigino mara mbili, ko-ko, maana yake nimeshika. Homa ilimchukua katika mvua zilizopita. Bwana Arthur alipoleta gari lake baada ya mazishi, Évariste alilikataa akisema ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba hakutaka kusikia mguu mwingine juu ya kichwa chake. Gari likaenda kwa Augustin. Na Augustin huyo, zamani walipofanya kazi wote watatu katika gereji ya Mzungu mmoja, yeye na Évariste kwenye magari, Pétronille kwenye ufagio, ndiye aliyekuwa akimletea binti yule mikate ya moto asubuhi.

Jumatatu Évariste akaenda kwa Augustin, karibu na daraja la Tshopo.

Gari lilikuwa juu ya magogo. Chini yake ilionekana kardani, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Augustin alikuwa ameubadilishia misalaba yote miwili, viungo vya ncha zake. Klachi ilikuwa mpya. Mabomba ya breki yalikuwa yamepinda vizuri kufuata chasisi, yamefungwa kila mahali panapotikisika. Évariste alitafuta kosa, hakuliona. Hilo lilimuuma.

"Kazi muzuri," alisema.

"Aksanti, yaya."

Évariste akaingiza mkono, akaisukuma pedali kwa kiganja. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Nani alikukanyagia?"

"Hakuna mutu."

"Augustin. Miye si mutoto."

"Yaya, acha." Augustin alikuwa akifuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. "Kesho nabadilisha silinda ya nyuma, imeanza kuvuja. Nina kazi. Rudia siku ingine."

Hapo ndipo Évariste alipoona kiti cha dereva. Augustin alikuwa mtu mrefu. Akiendesha, magoti yake yaligusa usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hadi mwisho wa reli yake. Aliyekaa hapo alikuwa mfupi.

Njiani kurudi alijiambia kwamba ni mwanamke. Fundi mpweke amepata mwanamke, kuna ajabu gani? Alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kuwapima wanawake wote wafupi wa mtaa mmoja mmoja, na hakuna aliyemridhisha. Usingizi haukumjia. Ulikuwa wivu uleule wa zamani, alipoiona mikate ya moto mikononi mwa mchumba wake.

Siku iliyofuata, baada ya chakula, mvua ikaanguka. Anga ikawa nyeusi kama sufuria. Évariste, akijua silinda mpya itahitaji mguu, alisimama nyuma ya karakana ya Augustin, amejibanza kwenye ukuta wa mabati, maji yakimshuka shingoni. Hakujionea aibu. Alitaka kumsikia mwanamke huyo akicheka, aende zake.

Mvua ikapungua.

Ndani, Augustin akasema, "Kanyaga."

Kwenye sakafu ya gari: ko-ko.

Évariste akabana sikio kwenye bati.

"Shikilia," alisema Augustin. Spana ililia. Mafuta yalichuruzika. Spana ikalia tena. "Achia."

Pedali ikarudi juu. Alisikia springi yake.

"Kanyaga."

Ko-ko.

Hakuna mwingine aliyegonga vile. La kwanza zito. La pili jepesi, kama limesahauliwa.

Akazunguka ukuta, akasukuma mlango.

Augustin alikuwa amelala penye gurudumu la nyuma, uso umelowa, na haikuwa mvua. Ndani ya gari hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kitupu. Ngozi yake ilikuwa imebonyea katikati.

Pedali ilikuwa chini.

"Umemufanya nini muke yangu?" Évariste alinong'ona. Mjini watu walisimulia habari za wenye kindoki, wachawi wanaowatumikisha wafu mashambani mwao. "Umemuloga? Unamutumikisha?"

"Yaya, hapana."

"Ulimwita na dawa gani?"

"Sikumwita." Augustin hakuthubutu kuinuka. "Nilikuwa peke yangu. Nilisema 'kanyaga' kwa kuzoea tu, kama tulivyosema zamani. Alikuya yeye mwenyewe."

Alikuja mwenyewe. Afadhali angeambiwa dawa. Dawa ina mwenye hatia, na inaweza kufunguliwa.

"Toka hapo," alisema Évariste.

Akalala mahali pa Augustin, akashika spana. Kwanza alitamka neno lenyewe, bila kutetemeka, kama alivyolitamka miaka yote.

"Achia."

Pedali haikurudi. Alingoja.

"Pétronille. Achia. Ni miye."

Tone la mafuta likaning'inia kwenye skrubu. Halikuanguka.

"Mama," akasema, kwa sauti ambayo Augustin hakuwahi kuisikia kwake. "Ni miye, Évariste. Nilikukosea nini? Achia, turudi kwetu."

Pedali ilibaki chini.

"Sema weye," alimwambia Augustin.

"Yaya, tafadhali..."

"Sema!"

Augustin akafumba macho. Alinong'ona, mvua karibu ifunike neno lake: "Achia."

Springi ikalia. Pedali ikapanda.

Évariste aliinuka. Hakuwa tena na hofu. Nafasi ya hofu ilikuwa imepata mpangaji mwingine. Akafungua mlango wa gari, akajitupa kwenye kiti. Kilikuwa na joto. Magoti yake yakagonga usukani. Akanyoosha mguu wa kulia, akaukandamiza juu ya pedali kwa nguvu zake zote, ili asikanyage mwingine.

Hakugusa chuma.

Chini ya soli yake palikuwa na mguu. Mdogo. Alihisi vidole vyake, kimoja kimoja. Alihisi mfupa.

Angeutoa wake. Hakuutoa. Alikandamiza zaidi. Alimkandamiza kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake na mkewe akiwa ndani. Mguu ule haukupiga teke, haukukwepa. Ulitetemeka tu, ukashikilia. Shingoni mwake, kutoka nyuma, pumzi ikapita, yenye harufu ya sabuni aliyoijua.

"Ongea," alisema. "Neno moja."

Ko-ko, alijibu mguu wa kushoto, sakafuni. Nimeshika. Basi.

Wakakaa hivyo. Augustin alisema baadaye kwamba aliona shingo ya Évariste ikiinama kidogo kidogo, mpaka paji la uso likagusa usukani. Alimhurumia, akafanya alichoweza. Alisogea mlangoni, akasema kwa upole:

"Achia, mama. Inatosha."

Na mguu ukatoka chini ya mguu wa Évariste. Ulitoka taratibu, kwa utii. Kwa sauti ile ulitoka.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekwisha. Berthe alimkuta kaka yake amepiga magoti kando ya kitanda, akivuta sanduku la bati la marehemu. Lilikuwa limefungwa kwa kamba tangu siku ya matanga, na fundo lilikuwa la Berthe mwenyewe.

"Unahama?"

"Miye? Hapana."

Akalifungua ahesabu kama vimo vyote: vitambaa vya kujifunga, blauzi, rozari. Chini kabisa, vimeviringishwa kwenye gazeti, viatu vyeusi vya kanisani. Cha kushoto kilikuwa kikavu, kimeota ukungu. Cha kulia kilikuwa kimelowa mafuta ya breki, mapya, yakinata vidoleni. Juu ya ngozi, mahali pa vidole, palikuwa pamebonyezwa na soli ya kiatu kikubwa cha mwanamume.

Berthe akashika mdomo.

Évariste aliviringisha viatu vyote viwili kwenye gazeti lilelile, akafunga sanduku, akalitwika kichwani. Alipita Mangobo yote hivyo, kama mume anayerudisha vitu vya mke aliyeolewa kwingine. Watu walimsalimu, akaitikia kila salamu. Penye daraja la Tshopo, Augustin alikuwa amesimama mlangoni kwake na bado hajafungua karakana. Évariste akaliweka sanduku miguuni pake.

"Vitu yake yote iko humu," alisema. "Sikupanguza kitu."