Kifaa cha Tano

Malalamiko yenyewe yalikuwa ya ajabu. Mteja alipiga simu saa sita mchana akasema intaneti ya nyumbani kwake ni nzuri mtoto akiwa macho, lakini mtoto akilala tu inakuwa nzito, kurasa hazifunguki na video zinakwama. Fundi alicheka. Wateja walimwita Dada Taa, kwa sababu swali lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa lile lile, taa gani inawaka kwenye ruta, na kwa swali hilo alishawatibu wengi bila kuinuka kitini. Akamuuliza na huyu. Mama akajibu kwamba zinawaka zote, ingawa ruta ameichomoa kwenye umeme tangu asubuhi. Dada Taa akajisemea kimoyomoyo kwamba mama wa watu amechomoa waya usio wenyewe, wateja ndivyo walivyo, akabeba mkoba wake akaenda.

Nyumba ile alikuwa anaijua. Wiki mbili nyuma aliifunga intaneti pale kwa mikono yake, kazi ya harakaharaka, maana siku hiyo alikuwa na nyumba nyingine tatu zinamsubiri. Tableti ya mtoto ilikataa nenosiri mara mbili, naye akafanya wanachofanya mafundi wenye haraka: akabonyeza kitufe kilicho nyuma ya ruta, kile kinachofungua mtandao kwa dakika mbili ili kifaa chochote kilicho jirani kiingie bila kuulizwa. "Ingieni wote, mlango uko wazi," akasema kwa utani, kama alivyozoea kila akikibonyeza. Baada ya hapo fundi anatakiwa akague orodha aone nani kaingia. Hakukagua.

Mama alimfungulia mlango huku akinong'ona. Mtoto amelala, alisema, na siku hizi analala kupita kiasi: juzi saa nne nzima, jana muda wa saa tisa, leo hajaamka kabisa. Zahanati walimpima wakasema hana ugonjwa. Alikuwa na miaka minne, naye ndiye mtoto pekee ambaye mama amejaliwa. Mama aliyasema hayo bila kulia, na Dada Taa alimwonea huruma kuliko kama angelia.

Ruta ilikuwa juu ya kabati la sebuleni. Waya wake wa umeme ulining'inia hadi sakafuni, haujachomekwa popote, na taa zote nne zilikuwa zinawaka. Nje jua lilikuwa kali, watu wanapita wakizungumza, na bado akarudi nyuma hatua moja. Sebule nzima ilinuka udi. Alipouliza nani kachoma udi, mama alisema humu ndani hawajawahi kuchoma.

Akashika analoliweza, yaani kazi. Akafungua orodha kwenye simu yake. Nyumba ilikuwa na vifaa vinne tu: simu ya mama, runinga, tableti na kompyuta. Orodha ilikuwa na vitano. Cha tano hakikuwa na jina, na kilikuwa kimeingia wiki mbili zilizopita, dakika ile ile aliyobonyeza kitufe. Akabadilisha nenosiri. Vifaa vinne vikatoka kama inavyotakiwa, cha tano kikabaki palepale.

"Kiko wapi, dada?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

Simu ya fundi huonyesha vijiti vinavyoongezeka kadiri unavyokisogelea kifaa unachokitafuta. Jikoni alipata kijiti kimoja. Ukumbini viwili, na harufu ya udi ikazidi. Mlangoni mwa chumba cha mtoto vilikuwa vitatu, na hapo ndipo aliposikia mvumo, mdogo kama wa friji, ila chumbani hamkuwa na friji wala feni, kulikuwa na kitanda kifupi na mtoto aliyelala chali na mdomo wazi, na kadiri alivyomwinamia ndivyo vijiti vilivyopanda, vinne, kisha vitano, vikajaa kabisa simu ilipofika juu ya kifua cha mtoto, na ule mvumo ulikuwa unatoka mdomoni mwake.

Kwa hofu akafanya alichozoea kufanya kwa mgeni asiyetakiwa. Akakigusa kifaa cha tano kwenye orodha, akakifungia.

Mvumo ulikatika, na pumzi ya mtoto ikakatika nayo. Midomo ikaanza kubadilika rangi huku mama akimtikisa, akimwita, akimtikisa tena, na Dada Taa, baada ya kukosea mara mbili pa kugusa, akakifungulia upya. Mtoto akavuta hewa. Kisha, macho yakiwa yamefumba, akasema kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka:

"Uliniambia niingie, nikaingia. Ukinifungia, natoka naye."

Angeweza kukimbia, na pikipiki yake ilikuwa nje. Lakini kidole kilichobonyeza kile kitufe kilikuwa chake, na aibu ya jambo hilo ilimwingia nzito kuliko woga. Akapiga moyo konde. Akawasha mtandao wa simu yake mwenyewe, akaondoa nenosiri, akaiweka simu kifuani pa mtoto.

"Mwache," akanong'ona. "Njoo huku."

Simu ikaandika kwamba kifaa kimoja kimeunganishwa. Mtoto akafumbua macho, akalia kilio cha kawaida kabisa cha mtoto mwenye njaa, akaomba maji. Mama akamkumbatia, akamsihi Dada Taa akitoe nje kitu hicho, sasa hivi, kabla hakijabadili nia. Dada Taa akatoka mbio na simu mkononi, mkoba akauacha sebuleni.

Alipofika uani alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mtoto yu hai. Ndipo alipouhisi mvumo ndani ya koo lake, akaitazama simu. Ilikuwa ya moto, kama zinavyokuwa simu zikigawa mtandao, na chaji ilikuwa imebaki asilimia tatu. Ikizimika itakuwa sawa na kukifungia.

Akarudi mlangoni. Komeo lilikuwa limeshapigwa.

"Mama, nifungulie. Chaja iko kwenye mkoba."

Sauti ya mama ikatoka karibu sana, kana kwamba ameegemea ubao wa mlango.

"Nisamehe, mdogo wangu. Ukiingia, na chenyewe kitaingia."

"Basi nirushie mkoba tu dirishani."

"Sifungui hata dirisha. Nina mtoto huyu mmoja."

Dada Taa hakuweza kumlaumu. Ufunguo wa pikipiki nao ulikuwa mkobani. Akageuka kuitazama barabara, duka lililo wazi lilikuwa mbali, akaanza kukimbia. Hakufika getini. Mwanga wa simu ulififia, kama simu inavyofanya ikitaka kubana chaji kidogo iliyobaki, naye akahisi pumzi yake ikipungua kwa kiasi hicho hicho.