Nafasi ya Mfuko

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika wateja. Binti aliyefanya kazi maktaba alivuta ncha ya kitambaa cha samawati, laini kama anga la alfajiri, kumbe ncha ya pili iko mkononi mwa fundi cherehani.

"Dada, unanikatia riziki."

"Basi nishonee wewe, tusigombane."

Alitaka gauni pana. Tepu ilipomgusa kiunoni akarudi nyuma. "Upande wa kulia niachie nafasi ya mfuko."

Fundi akashona mfuko mzuri, wenye kifungo. Hakujua kwamba baada ya kupasuliwa utumbo, binti alitolewa njia ya choo tumboni, ya muda tu, mpaka kidonda cha ndani kipone. Hapo alibandika mfuko mwembamba wa plastiki wa kupokea choo.

Wakapeana namba, na simu zao za jioni zikawa tamu.

"Umelala, malkia?"

"Nimelala. Unaongea na ndoto."

Siku ya matembezi yao ya kwanza binti alivaa gauni. Bustanini, kifungo kikaugandamiza mfuko wa ndani, ukavuja, ngozi ikawaka kama imepakwa pilipili. Akaondoka bila kuaga, na simu hakupokea tena.

Fundi alidhani gauni limemchukiza. Kila alipokanyaga cherehani alimwomba Mungu amrudishie sauti ile.

Hatimaye simu ikalia. "Fundi, nimelazwa. Maji yameniishia mwilini. Niliacha kunywa, niliogopa kuvuja tena."

Fundi akaenda mbio hospitalini. Binti akamweleza yote huku akiutazama ukuta, akisubiri kusikia viatu vikiondoka.

"Niliomba nafasi, wewe ukanishonea mfuko."

"Ungeniambia, mpenzi. Mimi hushona suruali zilizopasuka makalioni, nitaona aibu gani?"

Binti akacheka, kashika tumbo. Fundi akamsogezea glasi ya maji. "Kunywa. Ukivuja, tutafua."

Hiyo "tutafua" ilimwingia kama dua iliyojibiwa. Akanywa yote.

Fundi alifumua mfuko wa gauni, akaweka marinda pale, yakaanguka taratibu kama maji. Na Mungu ni mwema: madaktari waliporudisha utumbo ndani, binti alipona. Akaja dukani na gauni lake, mwanga wa asubuhi ukicheza kwenye samawati.

"Sasa nipunguze hiyo nafasi ya tumboni?" fundi aliuliza, mkasi mkononi.

"Iache."

"Ya nini tena?"

"Kwani hutanioa?"

Fundi akaweka mkasi chini.